Je, utoto una rangi yake katika shairi?

"Assalaamu aleikum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, nimeolewa Malindi miaka mingi sasa. Binti yangu wa kwanza anakwenda shule ya bweni mwakani, nami nataka kumtungia shairi la utoto wangu aende nalo. Shuleni tulifundishwa kuwa kila rangi ina maana yake: nyeupe usafi, nyeusi huzuni, nyekundu hatari, kijani uhai. Kwa hiyo nimelipa kila rika rangi yake. Ubeti wa kwanza ni huu:

Utoto wangu mweupe, ujana ni wa kijani,
Haukuwa na mapepe, ulijaa tumaini,
Leo mvi nizikwepe, kijivu cha uzeeni,
Rangi zote zinitupe, zimebakia moyoni.

Mume wangu amelisifu. Dada yangu aliyeko Lamu amesema halimkumbushi chochote cha nyumbani. Limeniuma, maana ni kweli. Kwetu hakukuwa na makuu: nyumba ya chokaa, na mlango wa uani ambao mama alikuwa akiupaka kijani kila Shaabani kwa rangi iliyobaki kwenye mkebe wa mashua ya mjomba, na kila mwaka akiifunika mistari ya makaa niliyojipimia urefu. Hayo sikuyatia, nimeona si ya kishairi. Mama amefariki mwaka jana, na nikifika ubeti wake kalamu inasimama. Je, nibadilishe rangi? Niache vina niandike huru? Au utunzi si fungu langu?"

Waaleikum salaam dada yangu, na marahaba. Pole kwa kuondokewa na mama. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nimeusoma ubeti, nikaisoma barua, nikaurudia ubeti. Maswali yako ni matatu lakini dukuduku ni moja: umetia rangi tatu katika mishororo minne, na mtu mliyelala naye chumba kimoja hakuona hata moja. Unataka kujua kama ila ni ya rangi, ya vina, au yako mwenyewe. Yako haimo. Vina vina sehemu, tutakuja kwake. Ila kubwa ni ya lile jedwali la shuleni la rangi na maana zake, na ukikubali kuliweka kando, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza nikupe haki yako. Nimeuhesabu ubeti wako kipande kwa kipande: mizani, yaani silabi, minane ukwapi (kipande cha kwanza), minane utao (kipande cha pili), mishororo yote minne. Vina vya kati ni -pe na vya mwisho ni -ni, na havikukatika. Mume wako alisikia mdundo uliokaa sawa, akasifu, na sifa hiyo ni halali. Mtu wa namna hii haulizi kama utunzi ni fungu lake.

Sasa jedwali. Naelewa kwa nini walimu hulishika: mtihani una dakika zake, na mwanafunzi anataka jibu la kuandika. Lakini hebu tulipime kwa mambo ya kwetu. Nyeupe ni usafi na utoto? Kanzu za watoto wa chuoni, yaani madrasa, siku za Maulidi ya Lamu ni nyeupe, sawa. Bafta nayo ni nyeupe, na ndiyo inayokatwa sanda. Ihramu ya anayekwenda Hija ni nyeupe. Tumbo la jahazi hupakwa shahamu na chokaa likawa jeupe, na hapo fundi hana habari na usafi wa roho, anazilinda mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Nyeusi ni huzuni? Muulize yeyote aliyelea pwani hii. Mtoto mchanga hupakwa wanja kwenye nyusi na kwenye paji la uso akingwe na jicho baya. Weusi wa kwanza anaoupata mtu kwetu ni wa mapenzi ya mama yake. Bibi harusi hupakwa piko. Na leso ya kisutu anayovishwa ina nyekundu, nyeusi na nyeupe zote pamoja, wala hakuna mtu ukumbini anayesoma hatari na huzuni katika leso ile.

Rangi ikiwa peke yake haina la kusema. Inaanza kusema ikikaa juu ya kitu, kitu kikiwa mikononi mwa mtu, na mtu huyo akiwa na wakati wake. Ubeti wako una rangi na una nyakati, utoto, ujana na uzee. Hauna kitu, na hauna mtu. Dada yako alipotafuta nyumbani alikosa pa kushika.

Kiswahili kwa upande huu kinatusaidia sana, na natamani watunzi wangelitumia hilo zaidi. Rangi zinazokubali upatanisho wa ngeli ni tatu tu: mlango mweupe, nywele nyeusi, kitambaa chekundu. Zilizobaki karibu zote tumeziegemeza kwenye vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau na chungwa kwa matunda yao, samawati kwa mbingu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walieleza kwamba lugha yenye majina ya msingi matatu tu ya rangi huwa na hizo hizo tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wanaisimu wamebishana nao tangu siku hizo. Mtunzi anaweza kuwaachia mabishano yao, achukue lililo lake: ukitamka kijivu, jivu limo ndani yake, na jivu lilikuwa kuni. Ukitamka kijani, jani limo, na jani litanyauka. Wakati umeshaingia kwenye rangi kabla hujauongeza wewe. Basi hakuna haja ya kumtangazia msomaji kuwa ujana ni wa kijani. Tafuta jani lenyewe, lililokuwa juu ya mti fulani, kwenye uwanda fulani.

Hata mizani inakusukuma huko huko. Hesabu "rangi ya samawati" uone: silabi saba. Imebaki moja kipande kijae, na bado hujasema kitu gani kilikuwa na rangi hiyo, cha nani, wala lini. Ukiandika kitu chenyewe, mara nyingi rangi inakuja bure.

Chukua nyumba ya chokaa uliyoitaja kwa maneno mawili ukapita. Chokaa ya Lamu ni matumbawe yaliyochomwa. Weupe ule ulikuwa umbo la viumbe wa baharini, ukatolewa majini, ukapita motoni, ukawa ukuta ambao wewe uliegemea mgongo ukila kaimati. Hiyo ni nyeupe yenye umri mrefu kuliko mtu yeyote wa nyumba yenu. "Utoto wangu mweupe" haina hata siku moja ndani yake.

Sasa vina. Soma tena mshororo wa pili. Umesema utoto wako haukuwa na mapepe. Lakini mtoto mwenye mapepe ndiye mtoto hasa; umeuvua utoto sifa yake ili kina cha -pe kipatikane. Mshororo wa tatu una "nizikwepe", na wewe hujawahi kutaka kuzikwepa mvi, kwani barua yako haina hofu ya uzee hata kidogo, ina hamu ya mama. Wa nne ndio mzito zaidi: rangi "zinitupe", maana yake unaziomba zikuache, kisha pumzi hiyo hiyo unasema zimebakia moyoni. Masikio yalipita juu ya mgongano huo kwa sababu ya mdundo. Moyo wa dada yako haukupita.

Chanzo chake ni kwamba uliliweka neno la rangi mwishoni mwa kipande, penye kina. Ukianza na "mweupe" umejifunga kutafuta -pe mara tatu zaidi, na maneno ya kawaida yanayoishia hivyo ni machache; ndipo vitenzi vya kuomba na kutaka vinapoingia bila kualikwa. Ukiweka "nyekundu" mambo huwa mabaya zaidi, kwani baada ya tundu na mundu unabaki unahangaika. "Nyeusi" ina nafuu. Kanuni ninayowapa wanaojifunza ni hii: rangi ikae mwanzoni au katikati ya kipande, na kina kibebwe na kitenzi au jina ambalo shairi lingelihitaji hata bila kina. Ni kanuni ndogo, lakini imeokoa beti nyingi.

Bado hatujafika kwenye utoto wenyewe na kupita kwake, na hapa naomba twende polepole.

Watu hudhani utoto unapita kwa kubadilika rangi, kwamba mwanzo kunang'aa na mwisho kunafifia. Madaktari wa macho wana sehemu ya ukweli huo: mtoto mchanga katika wiki zake za mwanzo huona tofauti ya weusi na weupe vizuri kuliko anavyozipambanua rangi, na mtu mzima anapozeeka lenzi ya jicho lake huingia umanjano taratibu, buluu ikapungua nguvu. Lakini shairi halitungwi kwa lenzi peke yake. Mlango wenu wa uani ulikuwa kijani ulipokuwa na miaka sita, na yumkini uko kijani leo. Aliyebadilika ni anayeutazama. Mtoto wa miaka sita anajua kwamba rangi inanuka, kwamba haijakauka, kwamba ukiigusa mama atajua kwa vidole vyako. Anakasirika kwamba mistari yake imefunikwa. Mwanamke aliyelea watoto anaona mambo ambayo mtoto yule hakuweza kuyaona: kwamba rangi ilikuwa ya kubaki kwa sababu pesa ya kununua mpya haikuwapo, kwamba mama aliichagua Shaabani ili Ramadhani iwakute nyumba imependeza, kwamba alipokuwa anaifunika mistari alikuwa anajua fika kuwa utaandika mingine.

Mitazamo miwili, mlango mmoja. Nafasi iliyo kati yake ndiyo utoto uliopita. Ukiuonyesha mlango mara mbili, mara ya kwanza kwa macho ya kimo cha komeo, mara ya pili kwa macho ya aliyekua, msomaji atapima mwenyewe umbali, na hutahitaji neno "utoto" wala "uzee" popote.

Hili si geni katika ushairi wetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoutazama mji wa Pate, jirani na Lamu, uliokwisha na kutunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, hakutupa majina ya huzuni yamepangwa kwa rangi. Alituonyesha madaka, yale matundu ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa vyombo, kisha akatuonyesha makinda ya ndege wamelala humo humo. Kidaka ni kile kile. Wewe umekulia Lamu, umeviona vidaka vya namna ile kwenye kuta, kwa hiyo unajua jinsi picha hiyo inavyopiga.

Mbali na hapa, mshairi Dylan Thomas wa Wales, aliyeishi 1914 hadi 1953, alifanya jambo la jirani na unalolitafuta. Katika shairi lake Fern Hill, lililotoka 1945, anakumbuka shamba la jamaa zake alikokuwa akienda utotoni, na rangi anazozirudia zaidi ni mbili, kijani na dhahabu. Mwanzoni kijani ni raha na uchanga. Kufika mwisho kijani kile kile kimewekwa ubavuni mwa kufa. Hakuleta rangi mpya ya kuashiria kuwa mambo yamebadilika. Aliirudisha ile ile mpaka msomaji akaisikia kwa sikio jingine. Na jambo litakalokufurahisha wewe mwenye kuhesabu mizani: shairi lile limepimwa kwa hesabu ya silabi, ubeti kwa ubeti. Mizani haikumzuia. Ilimlazimisha kuchagua.

Kwa hiyo jibu la "nibadilishe rangi?" ni hapana. Punguza. Rangi moja inatosha shairi zima, kwa kipimo changu, mbili ukizihitaji. Ninaona mashairi mengi ya kumbukumbu yenye rangi saba, na msomaji anatoka hakumbuki hata moja.

Kuhusu kuacha vina: nitakupa pande zote, uamue. Mashairi huru yana haki yake kamili katika Kiswahili. Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974 mabishano yalikuwa makali, na leo mashairi ya namna hiyo yanasomeshwa pamoja na mengine. Uzuri wake kwako ni kwamba hakuna kina kitakachokulazimisha useme "nizikwepe". Ugumu wake ni kwamba hakuna mdundo utakaoubeba mshororo dhaifu. Kila neno linasimama peke yake, na mtunzi mgeni mara nyingi hubaki na nathari iliyokatwakatwa. Utenzi ungekufaa kwa usimulizi: vipande vinane vinane, vitatu vya mwanzo kwa kina kimoja, cha nne kikibeba kina kinachokwenda hadi mwisho, na unaweza kutembea nao mwaka baada ya mwaka. Tena ni bahari, yaani mtindo wa utunzi, ambayo mama na binti wana historia nayo pwani ya kwetu, tangu mshairi Mwana Kupona alipomwusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858. Hofu yangu ni hiyo hiyo: utenzi wa mama kwa binti huvutwa upesi kwenye mawaidha, na wewe hukusema unataka kumwusia. Unataka ajue ulivyokuwa mtoto.

Ningekuwa wewe ningebaki na tarbia, beti za mishororo minne minne kama ulivyoanza. Mkono wako umeshaizoea, na binti atakayelala bwenini anaweza kuihifadhi beti nne tano za tarbia kichwani bila karatasi. Ila nisingeanza na beti. Ningechukua karatasi nikaandika habari ya mlango ule kwa maneno ya kawaida, kama ulivyoniandikia mimi, mpaka yaishe: brashi ilikuwa ya namna gani, mkebe ulifunguliwa kwa kitu gani, mistari ya makaa ilianzia wapi, nani alikushika kichwa usisimame kwa vidole. Ukishapata ukurasa ndipo uanze kupima.

Ili usione nasema tu, nimejaribu ubeti mmoja kwa yale uliyoyaandika mwenyewe:

Mlango wetu uani, Shaabani ukipakwa,
Kijani cha mkebeni, cha mashua, kilowekwa,
Makaa yangu ya chini, mwaka kwa mwaka yazikwa,
Kimo changu mlangoni, chafutwa kikiandikwa.

Usiuchukue, ni wangu, na wako utakuwa bora kwa sababu wewe ulikuwapo. Nataka tu uone mambo machache. Rangi imetajwa mara moja, na imekaa mwanzo wa kipande, mbali na kina. Kina cha mwisho, -kwa, kinabebwa na vitenzi vinne vya kutendwa, na hilo nililitaka, kwa sababu mtoto katika ubeti huu anatendewa: mlango unapakwa, rangi imewekwa, alama zinazikwa, na yeye anaandikwa na kufutwa. "Yazikwa" imekuja kwa sababu ya mama yako, ingawa jina lake halimo. Neno hilo lingekuwa zito mno kama ningeliweka kwenye mshororo wa mwisho; katika wa tatu linapita, na atakayelisikia atalisikia. Na hakuna mahali palipoandikwa "utoto".

Umesema mlango haukuwa wa kishairi. Hapa nakupinga kwa nguvu zangu zote. Neno hilo limewafanya watu wengi wa kwetu waandike mawaridi ambayo hawakuyapanda na theluji ambayo hawakuiona, na mikebe ya rangi ya mashua, ubao wa chuoni, mbuzi wa kukunia nazi na karai la kufulia vikabaki nje vinangoja. Barua yako ilikuwa na shairi. Uliliandika kwa kujieleza, ukaomba radhi kwa ajili yake.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini litakuhusu ukifika beti za mwisho. Shairi hili unampa binti aliyezaliwa Malindi. Rangi zako si zake. Wewe mfereji wa bahari wa Lamu uliuona kwa rangi yake. Yeye amekua akiiona bahari ya Malindi ikigeuka kahawia mvua zinapokuwa kubwa, kwa sababu mto Sabaki, ambao juu huko huitwa Galana na juu zaidi Athi, unashuka na udongo mwekundu wa bara na kuumwaga baharini kaskazini ya mji, upande wa Mambrui, na wakati wa kaskazi maji yale yanasukumwa kuja huku. Kwa mgeni bahari ile imechafuka. Kwa mtoto wa Malindi ni bahari tu, ni nyumbani, ni msimu. Ukiutia ubeti mmoja wenye rangi yake, hata mshororo mmoja, atajua hukumwandikia ili asikilize habari za zamani. Ulimtazama na yeye. Usimfasirie. Mwulize kwanza ye mwenyewe anaikumbuka bahari kwa rangi gani alipokuwa mdogo. Huenda akakujibu kitu ambacho hukukitarajia, na jibu lake likawa mshororo tayari.

Nije kwa ubeti wa mama. Kalamu kusimama pale si dalili ya udhaifu wa utunzi, na sitaki uchukue mbinu zangu za rangi na kina ukajilazimisha kuupita. Shairi linaweza kukamilika bila ubeti huo. Katika ubeti niliojaribu, mama yumo kwa kazi ya mikono yake, hakutajwa hata kwa kiwakilishi. Unaweza kumwacha hivyo, akapaka mlango beti zote, na hakuna atakayeuliza yuko wapi. Pengine mwaka mwingine ubeti wake utakuja wenyewe, pengine usije.

Lakini angalia na hili, maana mwaka mmoja si mwingi. Ikiwa kinachosimama ni kalamu tu, na mengine yanakwenda, ngoja, na kaa na dada yako mzungumze habari za mama bila karatasi. Ikiwa usingizi umekupotea kwa wiki, chakula hakishuki, shughuli za nyumba zimekulemea, au unajikuta unatamani usingekuwapo, hapo usingoje na usilitafutie dawa katika ushairi. Mwambie mumeo siku hiyo hiyo, nenda hospitali, uombe kuonana na mshauri nasaha au daktari anayeshughulikia afya ya akili. Msiba una tiba zake za kibinadamu, na kumwona mtu uso kwa uso hakuwezi kuzibwa na barua yangu.

Kwa upande wa utunzi pia kuna mahali ambapo mimi wa mbali sifai. Mizani inaweza kutimia kwenye karatasi na kuchechemea mdomoni, na hilo halionekani kwa maandishi. Ukishapata beti tatu, mpelekee mtu anayejua kughani, yaani kuimba shairi. Lamu hawakosekani, hasa msimu wa Maulidi, na Malindi pia ukiulizia kwa wazee utaelekezwa. Mwombe alighani shairi kwa sauti bila wewe kumweleza lolote, nawe uwe na kalamu. Anapovuta pumzi pasipo pake, tia alama. Anaporudia neno kwa kulipenda, tia alama nyingine. Kisha msomee dada yako kwa simu, usimuulize kama ni zuri. Muulize ameona nini. Akikwambia habari ya mlango ambayo wewe umeisahau, ya brashi iliyotumika au ya siku uliyopigwa kwa kugusa rangi mbichi, irudishe kwenye shairi kabla hujalinakili kwa binti. Una muda mpaka mwakani, usiharakishe.